Jiwe la Kijani la Baba

Jumatatu, 7 Mei 2007
Uji, foleni, kazi, foleni, ugali. Barabara ya Beltway imenila saa moja na nusu kutoka kazini Falls Church. Nyumbani Springfield nimemkuta Baba mlangoni, kavaa koti, anasubiri nimtoe nje. Nje yenyewe ni maegesho. Tukazunguka magari mara nne.

Asubuhi alitia chumvi kwenye uji akidhani sukari. Akaunywa wote, akasema ndivyo alivyotaka. Mbishi tangu nizaliwe.

Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari ametupa nafasi ya upasuaji tarehe 22, jicho la kulia kwanza. Baba anasema anaona vizuri. Anarudi Arusha tarehe 2 Juni, na akiondoka hivi hivi hatatibiwa tena. Namjua. Dalali wa vito kama yeye akishasemwa ana macho mabovu, hakuna atakayemletea jiwe. Hilo analiogopa. Kisu pia anakiogopa, ila hilo hasemi.

Jumanne, 8 Mei
Kesho California. Kazini wananituma mafunzo ya siku mbili, naondoka na Baba. Mwenzangu ofisini alinieleza kuna ufukwe wa mawe kule ambako bahari inatupa jade, kito cha kijani, watu wanaokota kwa mkono tu. Kosa langu nilimwambia Baba. Ameweka dau papo hapo: akiokota jade ya kweli kwa macho yake mwenyewe, habari ya upasuaji ife. Asipookota, atalala mezani pa daktari bila neno.

Nimekubali. Miaka arobaini kwenye vito, sawa, lakini mtu haoni hata chumvi.

Jumamosi, 12 Mei
Hotelini. Mwili wote unauma. Mafunzo yaliisha jana, leo saa tatu za kuendesha gari kando ya bahari, kisha kushuka mwamba kwa matako, Baba mbele, mimi nimemshika mkanda wa suruali. Upepo, baridi, mawe ya kuteleza. Wimbi likirudi linayaburuta mawe yote kwa kelele hadi hatusikiani.

Likilowa, kila jiwe ni la kijani na zuri. Baba hakudanganyika. Alikuwa analifuta kwenye suruali, analiacha likauke, analigusisha shavuni. La uongo ananiwekea kiganjani kimyakimya. Hivyo hivyo alivyonifundisha nikiwa na miaka tisa, chini ya meza yake pale Arusha: la uongo kiganjani, la kweli mfuko wa shati. Nilifurahi kama mtoto. Niseme ukweli, nilisahau kabisa dau.

Saa ya tatu ya kutafuta, akainuka na kitu ukubwa wa tende. Kijani safi, laini. Akaninyooshea. Nikakiinua juani. Ndani kuna povu dogo la hewa. Alinifundisha mwenyewe: ukiona povu, hilo si jiwe, ni kioo. Kipande cha chupa kilichosuguliwa na bahari.

Alikuwa anacheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu tumzike Mama yangu.

"Unaonaje, Mama?" Ananiita hivyo kwa kuwa nimebeba jina la mama yake.

Nikasema, "Ni yenyewe, Baba."

Akakitia mfuko wa shati. Mimi mjinga.

Jumatatu, 14 Mei
Springfield. Baba amemaliza kadi mbili za simu. Arusha nzima inajua. Jirani yetu Mkongo, Mama Chantal, kaleta pondu, kisamvu cha kwao, akaonyeshwa jiwe, akampongeza. "Félicitations, Papa! Jiwe iko muzuri sana!" Baba akalifunga tena kwenye leso kama hati ya shamba.

Nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia. Nimempokonya macho yake kwa neno moja la upole. Sijampigia daktari kufuta nafasi. Mkono haunyanyui simu.

Jumatano, 16 Mei
Leo amemimina chai pembeni ya kikombe. Ameifuta kwa mkono wa shati akidhani sijaona. Nimejifanya sijaona. Nimechoka kujifanya.

Alhamisi, 17 Mei
Nimesema. Kabla ya kazi, uji mezani. Nikamwambia, Baba, nilikudanganya, ni chupa. Lina povu.

Akatoa lenzi yake ya kukagulia vito, ile anayoivaa shingoni. Akalitoa jiwe mfukoni, akaliweka mbele ya lenzi, akaligeuzageuza dirishani. Muda mrefu. Nilitamani alione hilo povu kuliko nilivyowahi kutamani kitu. Hakuliona.

"Mkono uliniambia," akasema. "Jade ina baridi yake. Hii haikuwa nayo. Sikutaka kuusikia."

Kisha akakasirika kweli. Si kwa sababu ya chupa. Kwamba mwanawe, aliyemfundisha kusema jiwe lilivyo, alimtazama machoni akamuuzia uongo. Amenirudishia jiwe kiganjani. Sijawahi kuona aibu namna ile. Nimechelewa kazini, nimeipita njia yangu ya kutoka barabara kuu, nimejikuta naelekea jimbo la Maryland.

Ijumaa, 18 Mei
Hanisemeshi. Nikimwamkia anaitikia marahaba, basi.

Jumamosi, 19 Mei
Nimepika ndizi na nyama. Amekula. Amepiga simu Arusha mwenyewe, mlango wazi, nikasikia: lile jiwe nilikosea, ni chupa, macho yangu yana shida. Kamwambia nani sijui. Miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akitamka hilo neno, nilikosea.

Akaweka simu chini. "Jumanne ni saa ngapi?"

Nikamjibu saa moja asubuhi. Nampenda huyu mzee mpaka naumwa.

Jumanne, 22 Mei
Dakika ishirini tu. Alinishika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, kiganja chake kimelowa jasho. Mama Chantal ndiye aliyetuendesha, mimi nisingeweza. Jicho limefunikwa. Amelala kitini, mdomo wazi. Daktari anafungua kesho.

Jumatano, 23 Mei
Limefunguliwa. Njiani alisoma vibao vyote vya barabarani kwa sauti, hata asivyovielewa. Nyumbani akanitazama, akasema nimekonda, nile.

Kile kioo nilikuwa nimekiweka dirishani jikoni. Akakichukua bila kuuliza, akaweka lenzi kwenye jicho jipya. Nikaendelea kukoroga uji.

"Uliona povu moja?"

Nikasema ndiyo, Baba, moja.

"Yapo mawili."

Akakifuta kwenye suruali, akakitia mfuko wa shati. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kopo la sukari.