Komadre Wangu Hawezi Kunikatalia

Shangazi Ofelia mpendwa, nakuandikia nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, nisaidie kabla hazijanimaliza. Kazi ya kamera nimejifunza peke yangu, asubuhi nakaanga empanada, sambusa zetu za kuuza, mchana nahariri kwenye kompyuta iliyong'oka herufi mbili, na kwa miaka kumi na minne nimewaona watu wa mji mkuu, Bogotá, wakija mtoni kwetu, wanapiga picha siku mbili, wanaondoka, hawatumi hata nakala moja, basi mwaka huu mfuko mmoja wa ufadhili ulipotangaza ruzuku na mafunzo kwa wanahabari wa sehemu zisizoandikwa, nikaomba, na kati ya watu 212 tukachukuliwa wanane, wa mtoni nikiwa peke yangu. Filamu yangu ni ya dakika 26, inahusu zebaki inayotoka machimbo ya dhahabu na wanawake wanaopoteza mimba, jambo ambalo huku kila mtu analijua na hakuna gazeti lililoliandika, na dakika 11 kati ya hizo ni za Eustaquia, aliyemsimamia binti yangu ubatizo, kwa hiyo ni komadre wangu, na unajua kwetu komadre hamkatalii komadre, ukimwomba chumvi ya mwisho atakupa na kuapa kuwa anayo nyingine. Nilimwomba aongee, akaongea. Nikampa fomu ya ridhaa, akatia sahihi bila kusoma. Alisimulia habari za mtoto wake aliyemzaa mfu mimba ikiwa ya miezi saba, wanawake walivyompokezana mikononi wakimwimbia kama tunavyowaimbia malaika wadogo, watoto wanaotutangulia. Mkufunzi wangu alilia, akasema moyo wa filamu ni hapo.

Jumapili tulikuwa tunapara samaki, akaniuliza bila kunitazama, "Komadre, ile picha wataiona watu wangapi?"

Nami kwa majivuno, "Nchi nzima! Ukipita mjini Cali watakuita jina barabarani."

"Waniite, nawadai au wananidai?" Tukacheka. Halafu akasema polepole, "Mimi nilikuwa nakuambia wewe. Kamera niliisahau."

Nikamuuliza, sehemu yako niitoe kwenye filamu? "Aa, we fanya kazi yako, komadre." Tangu hapo hajakanyaga kwangu.

Mkufunzi anasema sahihi ipo, tusonge mbele, zimebaki siku 19 za kukabidhi filamu. Shangazi, sijamwibia mtu! Wageni wangeitumia wala wasingeuliza. Kwa nini nizuiwe mimi wa hapahapa? Nikiitoa nabaki na dakika 15 na aibu mbele ya wenzangu saba. Nifanyeje?

Nelfa Yadira, mtoni


Nelfa mwanangu,

Hongera kwanza kwa ruzuku, maana katika hesabu zako zote hiyo sioni aliyekupa. Sasa kaa nikuseme.

Unauliza kwa nini uzuiwe wewe na si wageni. Kwa sababu wageni wasingeambiwa. Miaka kumi na minne Eustaquia amewapa samaki na habari za mvua. Wewe alikupa mtoto wake.

Ile sahihi haina uzito. "Ndiyo" ya mtu asiyeweza kusema hapana ni sifuri, na wewe mpenda hesabu sifuri unaijua. Kisha ukarudia kosa lilelile: "niitoe?" umeuliza mwenyewe, uso kwa uso. Ulitegemea nini? Komadre kamjibu komadre.

Wiki hii waandikie wenye mfuko, usimpitie mkufunzi. Omba waongeze wiki tatu, taja sababu bila kuiremba. Anayetoa ruzuku kwa habari zisizosikika ajifunze kumsubiri mwenye habari, na wakikataa, umejua ni watu gani. Mpelekee Eustaquia zile dakika 11 azitazame na amtakaye, wewe usiwepo. Jibu lake likachukuliwe na mtu mwingine, mkunga au mwalimu, mtu anayeweza kuambiwa hapana na urafiki wa nyumba mbili usivunjike. Na usinidanganye habari za kumfunika uso; huko mtoni watamjua hata kwa kikohozi.

Akisema toa, toa siku hiyohiyo, wala usimwonyeshe sura ya msiba. Zebaki haijaondoka majini. Dakika 15 zinatosha kuisema ukipeleka maji yakapimwe na ukamtafuta mwenye mgodi, ambaye naona katika barua yako nzima hujamgusa. Huyo ndiye akikukataza usikubali.

Lakini kesho asubuhi, kabla ya yote, nenda kwa Eustaquia mikono mitupu umuulize jambo ambalo nadhani katika dakika zote hizo hukumuuliza: yule mtoto alitaka kumwita nani. Akikutajia jina, usiliandike popote.