Niliibatiza Pikipiki "Mkwe", Sasa Mkwe Wangu Anaiuza

Mpendwa Ma Benadeta,

Shikamoo. Naomba msaada, na naomba unisaidie kwanza ndipo ucheke, maana kila niliyemweleza jambo hili amecheka kwanza halafu akaniambia hana ushauri.

Mimi ni baba wa mtoto mmoja, naishi Ihanda, asubuhi naendesha bodaboda na mchana nafanya udalali wa pikipiki zilizotumika, na watu wananijua kwa mdomo kuliko kwa uendeshaji, nikisema hii ni nzima inauzwa siku hiyohiyo, nikiitazama nikakohoa tu mwenyewe anarudi nayo nyumbani. Sijisifu, ndiyo shida yenyewe.

Miaka mitatu iliyopita zilikuja huku kwetu pikipiki za Fenlo, rangi ya kahawia iliyoiva kuelekea wekundu, bei yake chini kuliko Kifaru ambayo kila mtu anaitaka, na mwenzangu wa kijiweni anaitwa Novatus akanunua moja mpya akaniazima siku moja nimpeleke mteja, nami nikaona mafuta yamepungua nikaweka ya kwenye chupa, yale ya kandokando ya barabara yanayouzwa rahisi, na nilipoanza kupanda ule mlima wa kanisani hapo karibu na kijiwe chetu ikakohoa mara tatu ikazima, tena Jumapili, watu ndiyo wanatoka ibadani, na nyuma nimempakia mama mmoja mwenye kitenge kipya na mkungu wa bitoke. Aibu ni mbaya, Ma Benadeta. Nikashuka, nikavua helmeti, nikaiinamia ile pikipiki mbele ya watu wote nikasema kwa sauti: "Jamani, huyu ni mkwe! Mkwe hakaliwi mlimani, anashukiwa kwa heshima!"

Watu walicheka mpaka mchungaji akageuka kutazama.

Nilidhani limeishia pale. Kumbe kesho yake Novatus anafika kijiweni anaulizwa, "Mkwe ameamkaje?" Akiwasha anaambiwa asimkurupushe mkwe. Abiria nao wakalidaka, unakuta mtu amesimama na mzigo anasema mimi sipandi mkwe, nasubiri Kifaru. Haikupita miezi mitatu jina likavuka mpaka Kyerwa, na Fenlo yoyote iliyoletwa sokoni ikawa inatajiwa bei ya baiskeli. Novatus aliiuza ya kwake kwa hasira, na aliyeinunua, naomba unisamehe, ni mimi. Nikafungua tangi nikakuta maji. Nikamwaga, nikasafisha kabureta, ikaruka kama imetoka dukani, nikaendesha miezi miwili halafu nikaiuza mbali ambako jina lilikuwa halijafika na nikapata faida nzuri. Habari ya maji sikumwambia mtu, wala Novatus, mpaka leo ninapokuandikia wewe.

Sasa sikia yaliyonikuta. Mke wangu Kemigisha ni wa Kaisho, kwao ni wafugaji, na baba yake, Mzee Rwezaura, alienda akanunua Fenlo bila kuniuliza, kwa sababu ya rangi tu. Anasema ujana wake alikuwa na ng'ombe wa rangi hiyohiyo, na kwao ng'ombe wa rangi hiyo huitwa Bihogo, basi na pikipiki naye akaiita Bihogo. Anaiosha mwenyewe kila wiki, anaifuta mpaka kwenye spoku, haina mkwaruzo hata mmoja, na ameshakuja nayo kwetu mara tatu kutoka Kaisho, milima yote ile, na haijawahi kuzima hata siku moja.

Mara ya mwisho alipopita kijiweni vijana wakapiga kelele, "Mkwe! Mkwe huyoo!" Mzee akasimama. Akavua kofia, akashuka, akawapa mkono wote mmoja mmoja, na kuwauliza habari za kwao. Alipofika nyumbani akamwambia Kemigisha, "Mwanangu, umeolewa na mtu. Ihanda nzima wananiita mkwe. Kaisho nimezaliwa na sijapewa heshima hiyo." Kemigisha akanitazama, mimi nikatazama kikombe.

Mwezi uliopita nyonga ilianza kumsumbua, daktari akamkataza pikipiki, na juzi akanipigia simu akasema, "Mkwe wangu, wewe ndiye bingwa, niuzie Bihogo." Amepiga hesabu yake ya milioni moja na laki nane, kwa pikipiki iliyotunzwa namna ile ni haki yake kabisa, nami nimezunguka kijiwe kizima na hakuna aliyepita laki saba. Wengine hawakutaja bei, walicheka tu. Na unajua fedha hiyo ni ya nini? Ni ya mtamba mwenye mimba, anataka kumleta hapa kwangu, kwa sababu alipokuja alimkuta mjukuu wake Ankunda anakunywa chai ya rangi akasema hawezi kulala usingizi, mtoto wa binti yake akikosa maziwa.

Jumamosi hii ni gulio, na mzee amesema anakuja mwenyewe na gari la jirani yake, Bihogo amefungwa kamba nyuma, na ameniagiza niwakusanye wale vijana wanaomheshimu wamsaidie kuinadi. Ma Benadeta, mkwe anakuja na mkwe, na mkwe amebebwa kwenye gari! Kijiwe kitakufa kwa kicheko, na mzee safari hii ataelewa.

Fundi Melkiory amenishauri nibandue nembo ya Fenlo nibandike ya Kifaru na tangi tulipige rangi nyeusi. Au nimwambie mzee kwamba bei za pikipiki zimeshuka nchi nzima kwa sababu ya dola? Nimemuuliza Kemigisha, akasema, "Ukimwambia ukweli narudi Kaisho, usipomwambia narudi Kaisho." Nimebaki njia panda. Niokoe.

Ni mimi, Ulimi Umeniponza, Ihanda.

*

Ulimi, marahaba.

Uliniomba nisicheke kwanza. Nimeshindwa. Nilicheka mpaka mhariri akaja kuuliza nimepatwa na nini, nikamsomea, tukawa wawili. Basi tumemaliza kucheka, vuta kigoda ukae.

Na nikuungamie jambo. Masika iliyopita nilisimama Bugene mvua inanyesha, akaja kijana na Fenlo, mpole, na koti la mvua la abiria analo. Nikamkataa. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi sipandi mkwe," nikaona nimesema la maana kweli. Nilisubiri Kifaru karibu saa nzima na nililowa mpaka kwenye mkoba. Leo ndiyo najua kwamba nililowa kwa ajili ya chupa yako ya mafuta. Kwa hiyo sikuandikii nikiwa mbali na kosa hili, nimo. Ila wewe ndiye uliyeliasisi.

Unasema una shida ya bei. Huna. Chuma cha Fenlo kiko palepale kilipokuwa, mzee amekipanda kutoka Kaisho mara tatu kikafika. Kitu kilichotumika kinauzwa kwa vinywa vya watu zaidi ya injini, na wewe dalali unalijua hilo kuliko mimi, ndiyo maana ukikohoa mtu anarudi na pikipiki yake nyumbani. Ulitia maji kwenye tangi la mwenzako, ukaona haya mbele ya waumini, ukamsingizia asiye na mdomo wa kujitetea. Utani mzuri, nakubali. Lakini uliponunua pikipiki ya Novatus kwa bei uliyoiua mwenyewe, ukakuta yale maji, ukanyamaza, hapo hapakuwa na utani tena, baba. Hapo palikuwa na wizi uliovaa helmeti.

Na tazama ulivyozunguka ukajikuta. Maziwa aliyoyakosa mwanao ni yapi? Ni ya ng'ombe uliyemfukuza mwenyewe kwa ulimi pale mlimani. Mzee wa watu anauza anachokipenda ili Ankunda anywe maziwa, na wewe unakaa na fundi mnajadili rangi.

Rangi! Unataka kumpaka Bihogo rangi nyeusi, mbele ya mfugaji? Mtu aliyenunua pikipiki kwa sababu ya ngozi yake? Angemtambua hata akiwa gizani. Na kadi ya pikipiki inasema Fenlo, sasa huyo mnunuzi wa "Kifaru" akienda kubadilisha jina la umiliki utamwambia nini, kwamba kadi imekosea? Mwambie Melkiory akaze nati, ushauri aniachie mimi. Habari ya dola nayo iache. Mzee huyo ameuza kahawa na ng'ombe tangu hujazaliwa, bei inavyopanda na kushuka anaijua, na atajua pia mkwe wake anavyodanganya.

Sasa nisikilize, na usinikatize.

Barua yako nimeichapa yote, makusudi. Majina nimeyabadilisha, lakini niambie, Kaisho kuna pikipiki ngapi ziitwazo Bihogo? Gazeti hili linafika kwenu Alhamisi, na Kaisho linafika Ijumaa jioni. Una siku moja ya kulitangulia. Ijumaa asubuhi mchukue Kemigisha, mchukue na mtoto, mwende. Mkeo alisema atarudi Kaisho kwa vyovyote, basi vizuri, mpeleke wewe mwenyewe na urudi naye.

Ukifika, salimia, kaa chini, kofia mkononi. Anza na maji ya kwenye tangi, ndipo uje kwenye jina, kisha Novatus. Usianze na jina, maana utaanza kuchekesha, nakujua. Ukimaliza, mzee atanyamaza. Nyamaza na wewe. Itakuwa mara yako ya kwanza na itakuuma, lakini kimya cha mzee hakijazwi na maneno ya kijana. Akikufokea, pokea. Akikuambia uondoke, toka ukakae uani kwenye migomba usubiri, usiende mbali.

Jumamosi Bihogo asipakiwe kwenye gari. Aje kwa miguu yake. Mzee apande gari la jirani, wewe uendeshe mbele yake, mafuta ya kituo, siyo ya chupa, na ukifika Ihanda umpakie Novatus nyuma pamoja na mkungu wa bitoke, mkubwa kuliko ule wa siku ile. Pandeni mlima wa kanisani mbele ya gulio zima. Mkifika juu, zima, vua helmeti kama ulivyoivua, uwatangazie watu kwa sauti ileile kilichokuwa ndani ya tangi la Novatus na aliyekitia. Watakucheka. Waache wacheke, zamu yako imefika. Kisha ile faida uliyoipata kwa pikipiki ya Novatus umkabidhi Novatus palepale, bila hotuba.

Halafu inadi. Asipotokea wa kufikia bei ya mzee, na huenda asitokee, kwa maana jina huharibika siku moja na husafishwa polepole, basi mnunuzi ni wewe. Barua nzima hukutaja pikipiki unayoendesha, lakini dalali mwenye kiburi kama chako hawezi kuwa juu ya kitu kingine ila Kifaru. Si unasema kila mtu anaitaka? Iuze. Itanunuliwa kabla ya saa sita. Mlipe mzee bei yake, mtamba apatikane, na kuanzia Jumatatu wewe ndiye dereva wa Fenlo pale kijiweni. Wakuulize mkwe ameamkaje, na wewe uwashe upande mlima. Ukiupanda mwaka mzima bila kuzima, bei itapanda nao, na wenye Fenlo wote Karagwe na Kyerwa watakuwa wamerudishiwa mali yao na yuleyule aliyewaibia.

Limebaki moja, na hili ndilo lililokikata kicheko changu. Mzee Rwezaura aliposhuka pale kijiweni akavua kofia, akawapa mkono vijana wote, aliamini ni yeye aliyeitwa. Ukishamwambia ukweli atajua waliita chuma. Huwezi kulifuta hilo. Ila kijiwe ni chako na mdomo ni wako, kwa hiyo Alhamisi hiyohiyo, kabla hujaenda Kaisho, wakusanye vijana, kama mzee alivyokuagiza. Gari lake likisimama wavue helmeti wote, wamsogelee, wampe mkono mmoja mmoja na kumuuliza habari za Kaisho. Na wakiita "Mkwe!", safari hii wawe wanamwita yeye.