Baba, Kumbe Ndiyo Maana Ulitembea Nyuma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua ungeitikia marahaba bila kuinua macho kwenye jembe unalolitia mpini, kisha ungeniuliza kama nimekula. Nimekula, baba. Nimekaa kibarazani kwako hapa Maisaka, ukungu bado umelala juu ya ziwa na Kwaraa haionekani hata kidogo, utadhani mlima umeondolewa ukapelekwa kuoshwa. Asubuhi za namna hii hunirudisha kwako.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda shamba lile la kando ya ziwa? Mama mbele, kaka, halafu mimi, na wewe mwisho. Muda huo viboko nao walikuwa wakirudi majini, wameshiba mahindi ya watu, kwa hiyo ulitukataza kuongea. Ulisema kiboko ana masikio madogo lakini umbea wote anausikia. Ukatufundisha kusema kwa mikono. Ulikuwa ukirusha kijiwe kidogo mbele yetu, tunageuka, tunautazama mkono wako. Ngumi juu, simameni. Kiganja chini, chuchumaeni. Mkono kichwani, njooni kwangu. Aliyeelewa alijibu kwa kuinua dole gumba. Tulipita ndani ya ule weupe kimya kimya, kama watu wanaoota ndoto moja, na mimi nilidhani kila familia ya Babati inaongea hivyo.

Hata kwenda kanisani ulitembea nyuma yetu. Wanawake wa mtaani walimtania mama kwamba yeye ndiye baba mwenye nyumba. Mama alicheka tu, na wewe ulizidi kujikokota huko nyuma na koti lako la kahawia.

Siku yako ya mwisho hospitalini maneno yalikuwa yamekwisha. Ulinitazama, ukaweka kiganja kifuani, ukausukuma mkono mbele polepole, halafu ukagonga kitanda kwa kidole. Ishara hiyo hukuwahi kutufundisha. Nikainua dole gumba. Sikuelewa, baba. Niliinua kwa mazoea tu, na wewe ukafumba macho kama mtu aliyeridhika. Tangu siku hiyo jambo hilo limeniuma sana, kwamba neno lako la mwisho nililipokea bila kulijua.

Sasa mwaka huu tumekubaliana kulijengea kaburi lako. Fundi akataka maneno ya kuandika kwenye marumaru. Nikasema chini ya jina aandike "Komandoo". Mama, ambaye naye ameshakufuata, aliwahi kuniambia mara moja tu ukiwa hai kwamba vitani Kagera ulikuwa komandoo, na akanionya nisikuulize. Baba mkubwa akakataa katakata. Na wewe ulimsaidia kukataa, maana kila ukiulizwa ulifanya nini vitani ulijibu kwamba ulikuwa unapika ugali, kisha ukaondoka kwenda kuangalia ng'ombe.

"Mdogo wangu alikuwa mpishi," baba mkubwa aliniambia. "Kaburi halitundikwi uongo. Lete ushahidi."

Basi nikaanza kukutafuta. Ofisini kwa wanajeshi wastaafu walinipokea vizuri, wakaniomba namba yako ya jeshi, ambayo hukuiacha popote. Wakati mwingine nilikuwa natembea sokoni nikimwangalia kila mzee aliyenyooka mgongo, nikijiuliza kama huyu aliwahi kulala porini pamoja nawe. Mwisho mstaafu mmoja anayeuza mbegu akanielekeza Dareda, kwa Mzee Lazaro. Kule hata watoto wanamwita Komandoo.

Nilimkuta amekaa uani, blanketi magotini. Mke wake, Mama Paulina, alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Aliniambia mzee alipigwa na kiharusi, anasikia kila kitu ila maneno hayatoki. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamwonyesha picha yako ya siku ya kipaimara changu. Aliitazama mpaka machozi yakamtoka, kisha akageuza uso. Mama Paulina akaniomba nimwache apumzike, nirudi siku nyingine. Nikainuka, nimevunjika moyo.

Nilikuwa nimefika getini kijiwe kilipoanguka mbele ya miguu yangu.

Nikageuka. Mzee Lazaro alikuwa ameweka mkono wake mmoja ulio mzima kichwani. Nami nikarudi kwake mbio kama mtoto, kabla hata sijafikiri. Alivyoona nimeelewa, alinikamata kiganja na hakutaka kukiachia. Nikamuuliza kama mlikuwa makomandoo pamoja, akakubali kwa kichwa. Halafu, kama vile kukubali hakutoshi, akauvuta ule ungo.

Alipanga maharage machache mstari mmoja, akalaza kijiti mbele ya mstari huo.

"Huo ni mto," Mama Paulina alisema. "Hunichoreaga na mimi, ila sijawahi kujua anasema nini."

Akayavusha moja moja. La mwisho hakulivusha. Aligusa harage lile, akagusa picha yako. Kisha, baba, akaweka kiganja kifuani, akausukuma mkono mbele polepole, akagonga ungo kwa kidole.

Nendeni. Mimi nabaki hapa, nawalinda nyuma.

Mzee hakuligusa tena; tukabaki tukiliangalia lile harage peke yake ng'ambo ya mto. Nilielewa kwamba ndivyo wenzako walivyokungoja. Ndipo mzee akalichukua taratibu, akalivusha, akaliweka mkononi mwangu akilia na kucheka kwa pamoja. Mimi nililia tu. Nililia kwenye gari mpaka Babati.

Jioni nilikwenda kwa baba mkubwa. Aliniuliza karatasi iko wapi. Nikampa harage, nikamsimulia yote na ile ishara nikamfanyia. Aliligeuza geuza kiganjani, na nilipodhani amekataa tena, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ndiyo maana alikuwa anatembea nyuma. Na mimi nilimcheka miaka yote ile." Akanirudishia harage. "Mwambie fundi aandike."

Jana fundi alimaliza. Tulisali, tukaimba, tukaweka maua. Kwaraa ilikuwa imefunikwa mpaka miguuni, na ukungu uliwapokea ndugu mmoja mmoja walipoanza kushuka kwenda barabarani. Baba mkubwa mbele na fimbo yake, kaka na mkewe, kisha watoto. Walinisubiri niingie kwenye mstari. Nikawaonyesha kwa mkono watangulie.

Nikabaki nawe kidogo. Ulikuwa unatuaga, baba, na hata katika kutuaga ulikuwa ukitulinda. Nikainua dole gumba. La hospitalini lilikuwa la mazoea. Hili la jana nimeelewa.

Pumzika sasa. Wote wameshavuka, na huku nyuma nipo mimi.

Binti yako,
niliyekuwa mbele yako kwenye mstari