Tarumbeta Lako Limo Kwenye Maikrofoni Yangu

Kaka,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu mama ataniuliza kama niliiandika. Goti lake linaendelea vizuri. Koti lako la mvua bado limetundikwa nyuma ya mlango wa studio, linanuka.

Mpiga besi ameniletea ujumbe wako kwamba tarumbeta lako lifutwe lote kwenye albamu yangu. Eti gitaa langu linaingiza rumba na nyimbo za harusini ndani ya hard bop, ile jazi ya wazee unayoiabudu, na wewe hutaki jina lako lichafuke. Wewe uliyenifundisha kushika nyuzi ndiye unayepita ukitangaza kwamba nimeiharibu jazi. Sawa. Nilikubali kukufuta, tena kwa moyo mweupe.

Tatizo umelileta mwenyewe. Ulishikilia turekodi watu watano chumba kimoja, wote kwa pamoja, kama wazee walivyofanya. Sasa tarumbeta lako limeingia mpaka kwenye maikrofoni ya gitaa. Fundi sauti anasema nikikutoa wewe, na mimi natoka.

Kwa hiyo nimekaa siku tatu nikiisikiliza maikrofoni yangu peke yake, nikikuwinda kipande kwa kipande nione pa kukukata. Mwisho wa wimbo wa tatu, solo yangu imeisha, nawe unadhani mashine imezimwa. Unamwambia mpiga besi kwa sauti ya chini, "Huyu dogo ameshanipita."

Hilo nalo nilifute? Jibu kwa mkono wako, usinitumie mtu.

Mdogo wako,
mpiga nyimbo za harusini