Majani Mabichi Kwenye Kona

Jumatano. Ukungu tangu alfajiri. Hadi saa nne sijaliona hata banda langu la kuku. Magoti yanauma na moyo umejaa dharau. Naandika kabla haijapoa.

Sikukaa darasani hata siku moja. Herufi nilifundishwa na kina mama wenzangu kanisani, nikiwa tayari bibi. Lakini leo nimeona waliosoma wakifanya ujinga ambao kuku wangu wasingeufanya.

Asubuhi lori la viazi linalotoka Njombe kwenda Makambako lililala ubavu kwenye kona, chini ya nyumba yangu. Utingo akabanwa mguu. Wanaume sita wakaja na magogo kuliinua lile lichuma. Mmoja wao ni Elia, mwanangu wa mwisho. Alisimama juu ya lami, ameupa mgongo mteremko, kule kule magari yanakotokea.

Na nani anayazuia yasimpande? Hakuna.

Wengine wanaokota viazi. Wengine wameinua simu. Mwenyekiti wetu wa kijiji, ndani ya koti lake refu, anapunga mikono yote miwili, wa juu pita, wa chini pita, kama anafukuza nzi. Dereva ana pembetatu zake nyekundu, lakini zimo chini ya kiti, bado kwenye nailoni. Hizo ni za kuwaonyesha trafiki. Yeye alikata matawi mawili, akayalaza hatua tatu nyuma ya tairi.

Hatua tatu! Kwenye ukungu! Anayeshuka akiyaona hayo, ameshamwona na Mungu.

Nikachukua panga, nikakata matawi ya miwati, nikapandisha mteremko.

"Bibi, leo unapanda miti barabarani?" mwenyekiti akanicheka.

"Napanda akili. Kwako haikuota."

Niliipita kona yote, hadi mahali ambapo dereva bado hajaliona lori lakini bado ana nafasi ya kufunga breki. Tawi la kwanza nikaliweka pembeni, la pili likaingia barabarani kidogo, hivyo hivyo nikishuka. Jirani yangu Mama Tuli nikampokonya ndoo ya viazi, nikamtuma upande wa Makambako akapunge kanga yake nyekundu. Alinuna. Akaenda. Mimi nikarudi juu, nikasimama nje ya lami, napunga sweta. Katikati sikusimama, mimi si mbuzi.

Semi likatokea ukunguni. Breki nilizisikia kabla ya kuona taa. Lilipita tawi la kwanza, la pili, la tatu, likasimama linanuka mpira.

Yalibaki matawi yangu mawili kati yake na mgongo wa Elia.

Dereva akashusha kioo. "Shikamoo, bibi. Nilikaribia kuyapuuza. Kila kona ina majani ya watu walioondoka juzi. Haya nikaona mabichi."

"Marahaba. Washa taa za hatari, ukae hapo hapo."

Utingo alitolewa, mguu umevunjika, roho ipo. Akapelekwa hospitali. Baadaye lori likavutwa, watu wakatawanyika na viazi vyao. Nikaenda kunywa chai, najisifu.

Kikombe cha pili ndipo nikakumbuka.

Matawi yangu bado yako kule.

Nimewatukana wote wale, kumbe na mimi nimeacha uongo barabarani. Yatakauka. Dereva atapunguza mwendo, hataona kitu, na siku nyingine akikuta tawi hataliamini. Majani niliyomwokolea mwanangu yangekuja kumuua mwana wa mwenzangu.

Nikapandisha tena, naokota moja moja, magoti yanalia. Nikazoa na matawi ya dereva wa lori, na mawe ya mtu mwingine, ya siku nyingi. Mwenyekiti akanipita na pikipiki: "Bibi, hujamaliza tu?" Nilikuwa nimeinama.

Jioni Elia alikuja kula viazi, vya shambani kwangu, si vya barabarani. Akasema chumvi imezidi. Hajui lile semi lilifika wapi. Nilimwongezea, nikapita nyuma yake, nikamwekea mkono mgongoni.

"Vipi, mama?"

Nikamwambia ana vumbi.

Panga nimeliegemeza mlangoni. Ukungu ukirudi asubuhi, nani mwingine hapa ataipita ile kona na matawi mkononi?