Anayemfuata Mokami

Tarime, 6 Juni 1976

Dada Mokami,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila kifua kinanibana kidogo kwa baridi ya huku. Natumaini u mzima hapo Ikoma na kikundi chenu cha ngoma. Leo nimeapa kukueleza yote bila kuficha, hata yanayonitia aibu.

Jana Padre, yule Mwitaliano, alituonyesha sinema sisi wanakwaya wa shule. Ililetwa kutoka kwao, na juu ya boksi kulikuwa na picha ya mwanamke anaimba, basi akadhani itatufundisha sauti. Tukaziba madirisha kwa mablanketi. Dada, sijawahi kuona kitu kizuri namna ile! Mapazia mekundu, ngazi za mawe meupe, mwimbaji kavaa gauni la kijani linaloburuta sakafuni. Lakini kulikuwa na mtu anamfuata. Tulimwona mikono tu, imevaa glavu nyeusi. Kila aliyemsaidia mwimbaji alikutwa amekufa, na mwimbaji mwenyewe anapakwa poda, anarudi jukwaani kuimba. Veronika, jirani yangu wa kitanda, akapiga kelele, "Mama wee, geuka nyuma!" Hapo Sista akaiziba mashine kwa kitambaa chake cha kichwa. Padre alitoka bila kutuaga.

Nililia, na sikulala vizuri. Wakati wa likizo ulisema kuna mtu anakuja kila mnapocheza. Ni nani?

Mdogo wako,
Regina

Ikoma, 17 Juni 1976

Mdogo wangu Regina,

Marahaba. Mimi mzima, miguu tu imechoka. Jipake samli kifuani.

Barua yako nilimsomea Kuruthumu, mpishi wa hoteli ya watalii, ambaye siku hizi nalala chumbani kwake, nyuma ya jiko. Alicheka mpaka akakaa chini. "Muuaji anavaa glavu za nini, anaogopa baridi?"

Wangu hana glavu. Ni Machage, yule aliyempa marehemu baba ng'ombe kwa ajili yangu, na kwa ng'ombe hao kaka Werema akamwoa Efrazia. Nilikimbia kabla ya kupelekwa kwake. Naye hajifichi. Anakuja kwa baiskeli toka Nyambureti, anakaa mbele kabisa na kupiga makofi. Ngoma ikiisha ananiambia taratibu, "Imba, imba. Iko siku utanyamaza." Mke wake wa kwanza walimzika shingo imefunikwa kitambaa. Walisema alianguka kisimani, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Akasema, "Mume akimfuata mkewe, hilo nalo ni shauri la kuniletea?" Wote barazani wakaangua kicheko. Kwenye sinema yako hakuna anayemjua muuaji. Huku wanamkaribisha chai.

Dada yako,
Mokami

Tarime, 27 Juni 1976

Dada,

Shikamoo. Kifua kimepona, samli imesaidia. Barua yako niliisomea chooni ili wenzangu wasinione.

Nimefikiri sana, kisha nimemwandikia kaka Werema. Nimeeleza kwa adabu, aya kwa aya, kama tunavyofundishwa: kwamba Machage anakutisha, kwamba kwa hofu unalala kwa Kuruthumu nyuma ya jiko la hoteli, na kwamba ng'ombe warudishwe hata kidogo kidogo. Kaka ana moyo mwema. Ndiye aliyekuwa akinibeba mabegani kuvuka mto. Hajui kusoma, lakini siku hizi kila kijiji kina mwalimu wa kisomo, hatakosa wa kumsomea.

Nina tumaini, dada.

Mdogo wako,
Regina

Ikoma, 20 Julai 1976

Mdogo wangu,

Marahaba. Afya ipo.

Mwalimu mpya wa kisomo cha watu wazima pale nyumbani Nyambureti ni Machage. Aliisoma barua yako mbele ya darasa, Werema kaketi benchi la mbele. Swaleh, dereva wa lori la mahindi, alikuwa anapakia magunia hapo nje, akasikia. Anasema mwalimu alipofika pale uliposema ninalala wapi, alisimama, akarudia kusoma. Werema akasema tu, "Ng'ombe nitawatoa wapi? Efrazia ana mimba."

Tangu hapo Machage haji kwenye ngoma. Sasa ndiyo anafanana na yule wa sinema yako. Jana tulikuta komeo la mlango wetu limeng'olewa, na misumari yake imepangwa vizuri kizingitini.

Usijilaumu, wewe ungejuaje? Jumamosi kuna watalii wengi, mwenyekiti wa kikundi hataki nikose. Ngoma ikiisha Swaleh atanipakia hadi Mugumu, na Jumatatu nitapanda basi la Tarime. Mwombe Sista anipokee. Naweza kufua, kupika, hata kuwafundisha nyimbo.

Dada yako,
Mokami

Tarime, 15 Agosti 1976

Wifi yangu Efrazia,

Hujambo? Na mtoto tumboni, anacheza? Barua hii ni ndefu kwa anayeanza kusoma. Mistari ikikushinda, iruke, nenda chini kwenye herufi kubwa.

Jumatatu ile nilisimama getini, na siku zilizofuata nilisimama tena. Swaleh alipoleta mahindi huku aliniambia alingoja lori likiwa limewashwa mpaka watalii wa mwisho wakaondoka. Mokami hakutokea. Kuruthumu anasema nguo zake zote ziko chumbani, na viatu pia.

Juzi nimepata barua ya kaka. Mwandiko ni wa mwalimu wake, umenyooka: dada yuko kwa mumewe, mzima, nisiandike tena. Lakini pembeni kuna neno la penseli, herufi zinatetemeka: EFRAZIA. Nimelitazama sana. Sikujua kama na wewe unasoma kisomo.

Ndiyo maana hii sikuitia posta, Swaleh anakukabidhi mkononi. Usimpe mtu akusomee. Sista yuko tayari kwenda nami polisi, ila anataka tuwe na neno la mtu wa hapo kijijini. Najua ng'ombe wakirudi, na wewe utarudishwa kwenu. Siwezi kukuahidi kwamba hilo halitatokea. Sina mwingine wa kumwuliza.

Swaleh atangoja nje. Neno moja la penseli linatosha.

Wifi yako,
Regina

WIFI, UMEMWONA MOKAMI?