Haragwe Jeupe

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nikianza bila shikamoo utanitolea macho hata huko uliko.

Mjukuu wako amezikwa juzi. Nalisema mapema, maana nikilizungusha sitalisema tena. Alikuwa wa kike, tukampa jina lako, Raheli. Hakulia hata mara moja. Mimi sikufika makaburini kwa sababu mshono bado mbichi. Wanawake wa kanisa ndio waliombeba. Alitolewa kwa kisu, Mama, na aliyekubali kisu ni mimi.

Mengi yamebadilika tangu ulipotuacha. Shamba la mkonge pale Kimamba limeuzwa kwa tajiri mmoja wa mjini, na watu wamepunguzwa kazi, mume wangu Elia akiwa miongoni mwa wa kwanza. Sasa tuko Mikumi, kando ya barabara kuu. Elia anawauzia madereva wa malori vitunguu, mimi nina meza ya mitumba. Wewe uliapa kutovaa hizo nguo za kafa-Ulaya, na leo kwaya nzima inaimba ndani yake hizo! Vyama ni vingi, sabuni ni za kila rangi. Baba anasema siku hizi mtu anachagua mpaka anachoka. Yeye mwenyewe hachagui kitu. Bado ana kikombe chako.

Unajua nilivyokichukia kile kikombe cha bati. Tangu nipate akili, nyumbani kwetu hakuna jambo lililoamuliwa na mtu. Haragwe jekundu moja, jeupe moja, unafunika kwa kiganja, unaomba, unatikisa, unafumba macho, unachomoa. Jekundu, Mungu amekubali. Jeupe, amekataa. "Mkono ni wangu, jibu ni lake," ulikuwa unasema. Hata posa ya Elia ilipitia humo, mimi nimejibanza nyuma ya mlango. Lilipotoka jekundu nikasema bahati, ukanifokea kwamba kwa Mungu hakuna bahati.

Lakini ile siku ya gulio, Mama! Uliitaka ile kanga ya zambarau, likatoka jeupe. Ukakuna kichwa, ukasema, "Hatujaomba vizuri," ukatikisa tena. Likatoka jeupe tena, ukatikisa tena. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kanga ukainunua.

Kisha hospitali ya Kilosa. Daktari akasema uvimbe wako utolewe mapema, wewe ungali na nguvu. Ukamwomba Baba kikombe, pale pale kitandani wodini. Likatoka jeupe. Nilikaa nikisubiri useme hatujaomba vizuri. Nilisubiri kweli, Mama. Ukafunga kanga yako kiunoni, tukapanda treni kurudi Kimamba, na mvua za vuli hukuziona. Kwa kanga ulirudia. Kwa uhai wako hukurudia. Hilo nimelibeba mpaka leo, na nina hasira nawe, nikudanganye kwa nini?

Kaburini kwako wakasema Bwana amependa. Amependa nini, jamani? Kama siku yako ilikwishapangwa, kikombe kilikuwa cha kazi gani? Na kama haikupangwa, basi ni haragwe ndilo lililokuua, nasi tukamsingizia Mungu.

Zamu yangu ikafika. Uchungu ulinishika, mtoto akawa amekaa vibaya, hospitalini wakasema ni upasuaji. Baba alikuwa amekuja kutoka Kimamba na kikombe amekifunga kwenye leso. Akasimama miguuni pangu, machozi yanamtoka. "Mwanangu, tumuulize Mungu, mwenye mtoto." Namheshimu Baba, unajua. Lakini nilikuona wewe unafunga kanga. Nikamwambia, "Hapana, Baba." Nikamgeukia daktari nikasema nipasueni.

Mimi nimepona. Yeye hakupona. Daktari anasema mtoto alikuwa amechoka tayari, na kama tungengoja tungekwenda wote wawili. Huenda. Wanawake wengine wa kanisa wananong'ona eti ningeuliza kwanza. Baba ananikorogea uji, ananipa, anatoka nje. Afadhali angenigombeza.

Sasa ndiyo nimekuelewa, na sikupenda kukuelewa hivi. Wewe likitoka jeupe, Mungu amesema, unalala usingizi. Mimi nimesema mwenyewe, kwa mdomo wangu, na hakuna wa kumwegemezea. Maziwa yanajaa, hakuna wa kunyonya, na aliyechagua ni mimi. Ni mzito mno huu uhuru, Mama. Kumbe ulikuwa unaogopa. Miaka yote ile nilidhani ni imani peke yake. Ungeniambia unaogopa, tungeogopa pamoja.

Mchungaji wa hapa ni kijana. Alikuja akakaa kwenye mkeka, akasema Mungu anajua mwisho wa kila jambo, lakini kujua kwake si kutusukuma. Nikamuuliza, sasa alijua, mbona alinyamaza? Akachukua ndoo, akaenda kunichotea maji. Nilimshukuru, maana nimechoka na majibu.

Bado nasali. Nasali kwa kugomba, lakini nasali. Nakuahidi jambo moja: siku nyingine nikiulizwa, nitajibu mwenyewe tena, hata nikiogopa, kisha nitamwendea Mungu nimwambie nilichochagua, asikie kutoka kwangu. Na sitasema tena kwa mtu yeyote kwamba yeye ndiye aliyekuua.

Kwaheri, Mama. Baba nitamtunza. Raheli ni mdogo, hajawahi kubebwa na mama yake, na huko hamjui mtu. Ukimwona, usiulize kwanza. Mbebe.

Mwanao,
Debora